Barua kwa Mama Kijacho: majina ya ujana ya Kigiriki

Kypseli, Athens

Shoga yangu Mama Kijacho,

Hujambo wewe na huyo aliyeko tumboni? Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo imegoma kuondoka, na saluni imekuwa ya Jumamosi kwa Jumamosi. Ujumbe wako niliupata, nikausoma kwenye basi la kwenda kazini pamoja na ile orodha ndefu ya majina uliyoitoa mtandaoni. Kwa hiyo daktari ameshasema ni wa kike! Hongera sana, na shemeji mfikishie zake.

Unasema ukoo wa shemeji ni Waorthodoksi tangu babu, kwa hiyo jina la Kigiriki halitawashangaza watu wa Bukoba, na unataka liwe na maana ya ujana kwa sababu mmemsubiri huyu mtoto mpaka mkajiona wazee, naye amewarudisha nyuma. Nimekuelewa. Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu utanikatiza kila jina.

Kwanza, hiyo orodha imechanganya pumba na mchele. Juu kabisa wameweka Juliana, eti "Kigiriki: kijana". Juliana ni la Kirumi, limetoka kwenye ukoo wa akina Julius, huohuo wa Julius Caesar. Watu wa zamani walilihusisha na neno la Kigiriki ioulos, na ioulos ni vile vinyweleo laini vya kwanza vinavyoota kidevuni mwa mvulana anapobalehe. Ujana upo, sikatai, ila ni ujana wa ndevu! Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka mama aliyekaa pembeni akashika pochi yake. Hata hivyo usilifute, nitalirudia.

Jina lenye ujana wenyewe, bila kuzungukazunguka, ni Hebe. Ndivyo Wagiriki wa kale walivyouita ujana, na ndivyo walivyomwita mungu wao wa kike wa ujana, binti wa Zeus, mfalme wa miungu, na mkewe Hera. Watu wengi wanamjua kama mnyweshaji, anayewamiminia miungu nekta, kinywaji chao, kwenye karamu. Lakini msome kwa Homer, mshairi wao wa kale, kwenye utenzi wake wa vita uitwao Iliadi, utaona ndiye binti wa nyumbani hasa, yule wa kutumwa kila kitu. Hera anataka kwenda vitani, Hebe ndiye anayefunga magurudumu ya gari la farasi, ya shaba, kila gurudumu spoki nane, kwenye ekseli ya chuma. Ares, mungu mzima wa vita, anarudi amejeruhiwa na kumlalamikia baba yake, na Hebe ndiye anayemwogesha na kumvalisha nguo safi. Sisi tuliozaliwa wa kwanza kwetu tunamfahamu sana huyu binti. Mwishowe wakamwoza Herakles, shujaa mwenye nguvu, baada ya yule bwana kufa kifo cha mateso na kupokelewa kwa miungu.

Kilichonivuta zaidi ni habari za Phlious, mji mdogo wa kale kule Peloponnese, kusini-magharibi ya Korintho. Wenyeji wake walimheshimu Hebe kwa namna yao. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 aliyeandika karibu kila alichokiona njiani, anasema aliyekimbilia hekaluni kwake kuomba hifadhi alisamehewa, na wafungwa wakishafunguliwa walitundika minyororo yao kwenye miti ya msitu mdogo wa huyo mungu. Miti imening'inia pingu, shoga! Wewe unayeniambia kwamba mmeanza upya, hiyo habari nimekuwekea wewe.

Sasa ubaya wake. Siku hizi Wagiriki hawatamki Hebe, wanatamka Ivi. Yule mwimbaji aliyeiwakilisha Cyprus kwenye mashindano ya Eurovision mwaka 2012, Ivi Adamou, jina lake ndilo hilo. Na neno hilohilo ndilo wanalotumia kwa kubalehe, na madaktari wanalo mpaka kwenye mfupa wa kinena. Mimi nakwambia tu, usije ukasema nilikuficha. Huko nyumbani mtaandika Hebe, na akifika darasa la pili wenzake wameshamgeuza Hebu: Hebu njoo, Hebu kaa. Watoto hawana dogo.

Kwenye Kora umeweka alama ya moyo. Hapo naomba unisikilize taratibu. Limetoka kwenye kore, yaani msichana, binti ambaye hajaolewa. Ndilo walilomwitia Persephone, yule aliyenyakuliwa na Hades, mungu wa kuzimu, akiwa anachuma maua na wenzake. Na mpaka leo mzazi wa Kigiriki akisema "kori mou" anamaanisha "binti yangu", nayasikia kila siku pale saluni. Mpaka hapo halina tatizo.

Ila kwenye mtaa wa Patission, njia yangu ya kazini, kuna Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Kale, na ndani yake kuna msichana wa marumaru anaitwa Phrasikleia. Alichongwa na Aristion wa kisiwa cha Paros, katikati ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Amesimama wima, kimo cha mtu mzima. Kanzu yake ilipakwa nyekundu na rangi bado imebakia kwenye mikunjo, na kitambaa kizima kimetiwa nakshi za maua. Shingoni ana mkufu, masikioni hereni, kichwani taji la maua ya yungiyungi, mengine yamechanua na mengine bado. Mkono wa kulia ameshika kanzu kama anayetaka kuivuta asiikanyage. Wa kushoto ameuleta kifuani, na vidoleni ameshika tumba moja ambalo halijafunguka.

Alichimbuliwa mwaka 1972 huko Merenda, mashariki ya Athens, akiwa amelazwa shimo moja na sanamu ya kijana wa kiume. Jiwe lililokuwa chini ya miguu yake lilikuwa limejengewa kanisani hapohapo jirani, na wasomi walishayasoma maandishi yake zamani bila kujua mwenyewe amelala wapi. Yanasema hivi, kwa Kiswahili changu: "Kaburi la Phrasikleia. Nitaitwa binti siku zote, maana badala ya ndoa miungu walinigawia jina hili." Yaani alikufa kabla ya kuolewa, na fungu lake likawa kubaki kore. Huo ndio ujana usioisha, na ameupata kwa bei hiyo.

Najua huamini mikosi ya majina, na mimi vilevile. Wagiriki wanawaita watoto wao Korina, jina la tumbo moja na Kora, bila wasiwasi wowote, na zamani kulikuwa na Korina wa Tanagra, mshairi wa kike aliyesifika sana. Lakini tangu nisimame mbele ya yule msichana, nikilisikia Kora naona lile tumba. Kama bado unalitaka ni lako, moyo umeuweka wewe.

Neaira liache. Ndani yake kuna upya na uchanga, na kwa Homer ni mama wa mabinti wanaochunga ng'ombe wa Jua, lakini anayejulikana ni Neaira wa mahakamani. Alinunuliwa akiwa mtoto mdogo huko Korintho na mwanamke aliyelea wasichana ili awauze miili. Baadaye, miaka ya 340 kabla ya Kristo, akaburutwa kortini Athens, na hotuba ya kumshtaki ipo mpaka leo, kila aibu yake imeanikwa humo. Kosa lenyewe? Mgeni kuishi kama mke halali wa mwenyeji. Sisi wa foleni za vibali tukisoma kesi ile hatuhitaji kufafanuliwa.

Haya, tuje kwenye majina ya mimea, ambako mimi naona ndiko uliko ujana wa kumpa mtoto. Sisi wenyewe kijana tunamwita chipukizi, nao wamefanya vivyo hivyo. Chloe ni ule ukijani wa kwanza unaotoka ardhini mvua ikishakolea. Demeter, mungu wao wa nafaka, aliabudiwa kwa jina hilo karibu na Akropoli, kile kilima cha mahekalu hapa Athens. Na kwa upande wetu lipo kwenye Biblia: Paulo anawaambia Wakorintho kwamba habari za fitina zao ameletewa na watu wa nyumbani mwa Kloe. Mstari mmoja tu, 1 Wakorintho 1:11, lakini unaona kabisa ni mama mwenye mji wake, na watu wake wanasafiri na habari. Mtoto akiitwa Kloe hakuna atakayeuliza mmelitoa wapi.

Lakini moyo wangu mimi uko kwa Thalia. Limetoka kwenye neno la kuchipua na kushamiri, kama mmea uliopata samadi. Hesiodo, mshairi mwingine wa kale, analitaja kwa wawili: mmoja wa Muza tisa, miungu wa kike wa sanaa, yule ambaye baadaye alipewa vichekesho vya jukwaani, na mmoja wa wale dada watatu wa uzuri na furaha. Halafu ana ndugu wa jina, Thallo. Huyu utampenda. Vijana wa Athens wakifika miaka 18 waliingia mafunzo ya kijeshi, na walikuwa na kiapo chao. Kimebaki kwenye jiwe la karne ya 4 kabla ya Kristo lililopatikana Acharnai, kaskazini ya mji. Wanaapa kutoziaibisha silaha, kutomwacha mwenzao kwenye mstari, kuiacha nchi ikiwa bora kuliko walivyoikuta. Kati ya mashahidi wanaowataja mwanzoni wamo wa vita, akina Ares na Athena. Unadhani wataishia hapo. Kumbe wanamwita Thallo na Auxo, ndio Kuchipua na Kukua, halafu wanamalizia na mipaka ya nchi, ngano, shayiri, mizabibu, mizeituni na mitini. Kama kingekuwa kiapo cha kwenu, wangemalizia na migomba na mibuni.

Na usiogope kwamba jina la namna hiyo litamchakaa akizeeka. Ghorofa ya chini hapa kwetu anakaa bibi mmoja, Kyria Thaleia, yaani Bi. Thalia, miaka themanini na ushei. Siku ya soko la mtaani anatoka na kile kikapu cha magurudumu, anabishana na wauza samaki mpaka wanampunguzia, akirudi ananikuta ngazini ananigombeza kwa nini sijavaa soksi. Jina limemkaa.

Jambo jingine la desturi. Wagiriki hawakai chini kutafuta maana kama tunavyofanya mimi na wewe. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, mara nyingi wakianzia upande wa baba, basi. Ndiyo maana jina unalolisikia kwa kizee wa mkongojo unalisikia tena kwa mtoto wa chekechea, na wote wawili wanaadhimisha siku moja, ya mtakatifu wao. Wenye majina ya kale yasiyo na mtakatifu hufanya sherehe yao Jumapili ya Watakatifu Wote, ile ya kwanza baada ya Pentekoste. Kwa hiyo muulize padri wenu mapema, kabla hujapenda jina akaja kukukatalia kwenye birika la ubatizo.

Na hapa ndipo ninaporudi kwa Juliana. Shoga, mama mkwe wako si anaitwa Juliana? Umeniletea orodha nzima, jina la kwanza ni la mama mwenye nyumba, na hukusema kitu! Nadhani na yeye anangoja kimyakimya aone kama atapata somo. Mtakatifu wake yupo, Juliana wa Nikomedia, sikukuu yake 21 Desemba. Mimi ningefanya hivi: ubatizo Juliana, nyumbani Thalia. Mama mkwe anapata somo wake, wewe unapata chipukizi lako, shemeji halali na ugomvi wa pande mbili. Ila hayo ya ndevu yasifike kwa mama mkwe. Yakifika, hukuyasikia kwangu.

Mkishakubaliana niambie jina na tarehe, lakini nipe muda. Kuna mama hapa mtaani anatengeneza martyrika, vile vimsalaba vidogo vya utepe wanavyobandikwa wageni kifuani siku ya ubatizo, na hapendi kuharakishwa. Nikivipata nitampa mtu anayekuja Dar, yeye atavipandisha kwenye basi la Bukoba. Niambie pia idadi ya wageni, na usinidanganye kwamba ni wachache, ukoo wenu naujua.

Halafu kwenye ile picha uliyonitumia nimeiona miguu. Imevimba kuliko ulivyosema. Usingoje siku ya kliniki, kesho asubuhi nenda wakupime presha, na shemeji akusindikize.

Wako,
Mama Baraka