Barua ya malalamiko: kasha linalopasuka kwenye kompyuta inayosifiwa kwa kutengenezeka

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nakala: Idara ya Uhandisi wa Bidhaa

Ndugu Meneja,

YAH: MPASUKO WA KASHA LA PLASTIKI KWENYE BAWABA NA KUKATALIWA KWA WARANTI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu, na kompyuta mpakato yangu ingali ndani ya muda wa waranti. Kava lake la chini limepasuka kwenye kona ya bawaba ya kulia. Niliwatumia picha, nikajibiwa kwamba hiyo ni dosari ya mwonekano na kwamba waranti haigusi mambo ya mwonekano. Sikubaliani na jibu hilo. Aliyenijibu hakuiona mashine yenyewe, kwa hiyo naomba nieleze kilichomo ndani yake.

Kwanza niwape haki yenu. Niliichagua kompyuta hii kwa sababu mnaitangaza kuwa mwenyewe anaweza kuitengeneza, na kwa sehemu kubwa ahadi hiyo mmeitimiza. Betri imeshikwa kwa skrubu, haikubandikwa kwa gundi. Memori na diski vinatoka bila kulazimika kung'oa kitu kingine. Mwongozo wa kufungua mashine uko wazi kwa yeyote, na bisibisi moja inatosha kazi yote. Nimeshabadilisha betri na kuongeza memori kwa mikono yangu, na kila kitu kilikaa mahali pake bila tabu. Ndiyo maana naumia kuona kwamba kila kilicho ndani kinabadilishika, isipokuwa kasha linalokibeba.

Ufa ulianza kwa mstari mweupe mwembamba chini ya bawaba, karibu na tundu la kutolea hewa. Ukiupitishia ukucha, ulikwama kidogo tu. Ukaendelea kurefuka, hadi ikawa kila nikifunua skrini kava la chini linajinyanyua upande wa kulia na kutoa mlio wa kukwaruza. Nilipofungua mashine nikakuta hali ya ndani ni mbaya kuliko ya nje. Bawaba imefungwa kwa skrubu zinazoingia kwenye nati ndogo za shaba, na kila nati imezamishwa ndani ya kinguzo cha plastiki. Nati ya nyuma kabisa imeng'oka pamoja na pete nzima ya plastiki iliyoizunguka, na sasa inaning'inia kwenye skrubu yake. Ya pili bado imekaa, lakini kinguzo chake kina nyufa zinazotoka kwenye nati kwenda nje pande zote. Upande wa nje wa kona hiyo hauna mbonyeo wala mkwaruzo. Nyufa zimeanzia ndani, kwenye vinguzo, zikatokeza nje. Kompyuta iliyoanguka haipasuki hivyo.

Sababu haifichiki. Bawaba zenu ni ngumu, na ugumu huo unasaidia skrini kusimama bila kutikisika. Lakini mtu anapoinua skrini kwa ukingo wa juu, mkono wake uko zaidi ya sentimita 20 kutoka kwenye bawaba, ilhali vinguzo vinavyobeba mzigo vimeachana kwa sentimita 1 au 2 tu. Huo ni wenzo, na nguvu inayofika kwenye plastiki inakuwa mara 10 au zaidi ya ile ya mkono, kila siku, kila skrini inapofunuliwa na kufunikwa. Plastiki yenyewe siilaumu. Ndani ya kava mmepiga chapa >PC+ABS<, yaani mchanganyiko wa polikaboneti na ABS, na huo ni mchanganyiko mzuri unaostahimili misukosuko. Kosa liko kwenye umbo. Mahali kinguzo kinapokutana na sakafu ya kava mmeacha pembe kali isiyo na mviringo wowote, na pembe kali ndipo mkazo unapojikusanya. Tena, wakati wa kumimina, plastiki iliyoyeyuka hugawanyika ikizunguka pini ya kalibu, ile inayoacha tundu la nati, kisha hukutana upande wa pili, na mshono huo wa kukutana huwa dhaifu kuliko sehemu nyingine. Ufa mmoja kwenye mashine yangu umefuata mshono huo sawasawa, unaonekana kwa macho. Ongezeni na joto: plastiki ya aina hii hutanuka na kusinyaa zaidi ya mara 3 kuliko shaba, kwa hiyo kila mashine inapopoa, plastiki inaibana nati na yenyewe inavutika. Na kona hii iko kando ya tundu linalotoa hewa ya moto.

Kuna jambo jingine ambalo naomba wahandisi wenu walitazame kwa makini. Skrubu za bawaba zimepakwa gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea, na kwenye kinguzo kilichong'oka nimekuta gundi hiyo imechuruzika hadi kwenye plastiki na kukauka hapo. Gundi za majimaji za aina hii ni nzuri kwa chuma juu ya chuma. Juu ya ABS na polikaboneti iliyo chini ya mkazo huweza kusababisha nyufa, na wanaozitengeneza wenyewe huonya zisitumike kwenye plastiki za namna hiyo. Sisemi hicho ndicho chanzo pekee. Nasema kipo, na mnaweza kukiondoa kesho kwa kutumia skrubu zenye kizuizi kikavu kilichopakwa mapema kiwandani.

Sasa nirudi kwenye neno "mwonekano." Mkwaruzo kwenye kifuniko ni suala la mwonekano. Herufi inayofutika kwenye kibodi pia, ukipenda. Lakini kasha la kompyuta hii ndiyo kiunzi chake. Bawaba ikishapoteza kinguzo kimoja, mzigo wake wote unahamia kwenye kinachofuata, nacho kinakwenda njia ileile. Waya wa skrini unapita hapohapo kando ya bawaba, na kava linapojinyanyua waya huo unasuguliwa. Nati ya shaba iliyolegea ni kipande cha chuma kinachoweza kuanguka juu ya saketi na kuunguza ubao mkuu. Vumbi linaingia kwenye ufa, na maji pia yakimwagika. Mimi ninayeitumia mashine hii siwezi kukubali kwamba hayo yote ni suala la sura.

Hata hivyo, kukataliwa kwa waranti hakukuniumiza kama kilichofuata. Niliomba niuziwe kava la chini peke yake. Nikaambiwa haliuzwi. Kinachouzwa ni seti nzima, kava pamoja na kibodi, padi ya kugusa na spika, vyote vikiwa vimeshaunganishwa. Kibodi yangu ni nzima. Padi ni nzima, spika nazo hazina tatizo. Mnanitaka nitupe vitu vyote hivyo vizima ili nipate kipande kimoja cha plastiki, halafu kwenye ukurasa wenu wa mbele mnaandika kwamba mnapunguza taka za kielektroniki. Nimeipitia orodha yenu ya vipuri mwanzo hadi mwisho: imo feni, imo betri, zimo hadi raba za miguu. Kasha halimo. Yaani sehemu inayoshikwa, inayobanwa mfukoni, inayovutwa na bawaba kila siku, ndiyo mliyoiona haitahitaji kubadilishwa kamwe.

Mhudumu wenu alinishauri nitumie gundi. Nilimshukuru kwa nia njema, ila ushauri huo hauwezi kuwa sera ya kampuni. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu na ya kuvunjika, haivumilii kiungo kinachokunjwa na kuvutwa kila saa, na mvuke wake unaacha weupe kwenye plastiki. Asetoni, kile kimiminika cha kutolea rangi ya kucha, inayeyusha ABS, na inaweza kuvurugia polikaboneti uso mzima. Inayofaa kidogo ni gundi ya epoksi ya kuchanganya, baada ya kuparuza uso kwa msasa na kuutia nguvu kwa kitambaa cha nyuzi za kioo. Hicho ndicho nilichofanya ili niendelee na kazi zangu. Lakini nati iliyorudishwa kwa epoksi ikikaa kombo hata kidogo, bawaba inavuta upande, na kinguzo cha jirani kinaanza kupasuka. Ni kiraka cha kusubiria, nami nasubiri kipuri.

Mnaweza kuniambia kwamba hakuna sheria inayowalazimisha kuuza kava peke yake. Lakini angalieni dunia inakoelekea. Ufaransa iliweka alama za utengenezekaji, yaani maksi za urahisi wa kutengeneza bidhaa, tangu tarehe 1 Januari 2021, na kompyuta mpakato zilikuwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kabisa. Alama hizo zinapima nyaraka, wepesi wa kufungua, upatikanaji wa vipuri na bei zake. Kwa simu na tableti, Umoja wa Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 unataka vipuri vipatikane kwa angalau miaka 7 baada ya bidhaa kuacha kuingizwa sokoni. Mipakato haimo kwenye kanuni hiyo ya pili, najua. Ila kampuni iliyojijengea jina kwa neno "kutengenezeka" haipaswi kungoja kulazimishwa.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki. Mnibadilishie kava la chini na bawaba ya kulia chini ya waranti, na mfute kwenye masharti yenu kauli inayoita kila ufa wa kasha kuwa mwonekano. Nyufa za kwenye bawaba na kwenye vinguzo vya skrubu ni hitilafu ya muundo. Mliweke kava tupu kwenye orodha ya vipuri, kwa kila modeli mnayoiuza na zile mlizoacha kuuza. Kwenye kalibu ijayo mzungushe pembe za vinguzo na kuongeza mbavu za kuvishikilia. Na kwa sisi ambao tayari tunazo mashine hizi, mtengeneze bamba jembamba la chuma litakalofungwa chini ya bawaba ili mzigo ugawanyike kwenye vinguzo vyote, hata vile vya kona ya mbele ambavyo leo havibebi kitu.

Mwisho, mtoe michoro ya kava na ya kishikio cha bawaba. Wako wateja na mafundi wenye printa za 3D ambao wangeweza kujichapia sehemu hizi kwa plastiki za ABS, ASA au PETG. Kwa sasa kila mmoja anapima kwa rula na kubahatisha, na wengine wanachapa kwa PLA, plastiki nyingine ya printa hizo, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi na haifai kukaa jirani na hewa ya moto. Mchoro sahihi wenye vipimo na maelezo ya plastiki inayofaa ungewaepusha na hasara hiyo, na hakuna siri ya biashara iliyomo kwenye kava la chini.

Picha za vinguzo vyote, za ndani na za nje, nimeziambatanisha. Kipande kilichong'oka, pamoja na gundi iliyokauka juu yake, ninacho, na nitakituma kwa gharama yenu mkikihitaji kwa uchunguzi. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, na naomba liandikwe na mtu wa idara ya uhandisi aliyezitazama picha hizo.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu