Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kila Udongo na Kipimo Chake cha Mbolea

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama kimeshikilia jambo moja: kuachana na kipimo kimoja cha mbolea kwa mashamba yote ya nafaka. Mbolea inayotosha kwenye udongo tifutifu uliozoea samadi huoshwa na mvua kwenye kichanga, na kwenye udongo mwekundu wenye asidi hushikwa mizizi isiifikie.

Makosa mengi huanzia kwenye sampuli. Tembea shamba kwa zigizaga, uchote udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Ruka vichuguu, vivuli vya miti na mahali palipolundikwa samadi. Changanyia kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati ina zinki, nayo hupotosha majibu. Anika kivulini, peleka nusu kilo maabara. Shamba lenye mteremko na bonde lihesabiwe mashamba mawili, maana wastani wa udongo wa aina mbili hauufai hata mmoja.

Majibu yakija, anza na pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo. Ikiwa chini ya 5.5, usikimbilie kuongeza mbolea. Hapo aluminiamu huyeyuka na kudumaza mizizi, nayo fosforasi hufungwa na udongo. Weka kwanza chokaa ya kilimo, uichanganye na udongo wa juu miezi miwili au zaidi kabla ya kupanda. Usiichanganye na urea wala DAP (mbolea ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi), maana naitrojeni itapaa kama gesi.

Kisha hesabu. Tuseme ushauri ni kilo 80 za naitrojeni na 20 za fosforasi kwa hekta. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni, na namba ya pili kwenye mfuko, 46, ni asilimia ya fosfati, si fosforasi tupu. Zidisha hiyo 46 kwa 0.44 upate fosforasi. Kwa hiyo kilo 100 za DAP zinatoa karibu kilo 20 za fosforasi na kilo 18 za naitrojeni. Zimebaki 62 za naitrojeni. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, hivyo gawanya 62 kwa 0.46 upate kilo 135 za urea. Wengi husahau kutoa zile 18, wakanunua urea wasiyoihitaji.

Mahindi yakipandwa sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, hekta ina mashimo 44,444 hivi, hivyo kila shimo lipate gramu 2.25 za DAP. Usikisie kwa vidole. Chota vizibo 100 vya soda vilivyosawazishwa, upime kwa pamoja, ugawanye kwa 100. Utajua kizibo chako kinabeba gramu ngapi, na kama ukijaze au upunguze. DAP ikae sentimita 5 pembeni ya mbegu na chini yake kidogo. Ikigusana na mbegu huiunguza, na mkulima hulaumu mbegu.

Urea igawanywe: mara mbili kwenye mfinyanzi, mara tatu kwenye kichanga. Iwekwe udongo ukiwa na unyevu, ifukiwe siku hiyohiyo. Ikiachwa juu, sehemu yake hupotea hewani.

Yapo mashamba yasiyoitika hata yakipewa naitrojeni, fosforasi na potasiamu zote. Mara nyingi mboji imekwisha, au zinki na salfa zimepungua. Mistari myeupe kando ya mshipa wa kati kwenye majani machanga ya mahindi huashiria upungufu wa zinki. Mashamba hayo yanataka samadi na mabaki ya mazao kwa misimu kadhaa, na ni haki mkulima aambiwe hivyo mapema.

Kwa msimu ujao, kamati inamwomba kila mwanachama atenge vipande vitano vya mita 5 kwa 5: kimoja bila mbolea, kimoja chenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na vitatu vinavyokosa kirutubisho kimoja kimoja. Vyote vipate mbegu ileile, siku ileile, na palizi ileile. Wakati wa kuvuna, acheni mistari ya pembeni, mpime nafaka iliyokauka ya kila kipande peke yake, na kuleta uzito huo pamoja na majibu ya udongo.