KUH: Kipakatalishi kisichopakatika, na fedheha niliyoipata kaunta kwenu Malindi

Kwa Meneja,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi si salama, ila adabu ni adabu.

Masharti ya dhamana yenu mnayajua, mliyaandika wenyewe. Miezi 12 ni miezi 12, nami nimo wa nne tu.

Mashine hii, kompyuta ya kupakata, mwaiita kipakatalishi. Aliyeitunga jina hilo hakuuziwa na nyinyi. Nikiipakata dakika kumi nabaki na alama nyekundu pajani. Sasa naifanyia kazi juu ya sinia la biriani, maana bati huvuta joto kidogo. Miguu ya nyuma nimeiinua kwa vifuniko viwili vya soda ili hewa ipite chini, na feni ya mezani nimeielekeza ubavuni mwake kama ninayempepea mgonjwa. Jamaa mmoja alinishauri niweke barafu chini yake. Nilikataa, jasho la barafu likiingia ndani mtaniambia nimeizamisha baharini. Pamoja na hayo yote, programu ya kupima joto ilisoma nyuzi 97, nami nachapa ukurasa mmoja wa maandishi! Ikifika hapo inajipunguzia mwendo isiungue, nagonga herufi sasa, zinatokea baadaye. Ikizidi, inajizima. Kadi za harusi nazitengeneza usiku wa manane, na kaskazi hii hata usiku haupoi.

Sasa nije kwa lililonileta. Jumatatu nilifika kwenu saa nane mchana, nimetoka Lamu kwa boti hadi Mokowe, kisha basi. Fundi wenu, kijana ninayeweza kumzaa, hakusema shikamoo wala karibu. Aliipindua mashine akaitikisa mbele ya wateja, chembe za mchanga zikaanguka kaunta. Akasema: "Mama, hii umeibebesha punda?" Watu wakaangua kicheko. Kisha akanisukumia, ati joto la Lamu halimo kwenye dhamana.

Joto la Lamu! Kwani hapo Malindi mnauza kompyuta kwenye theluji? Nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene, na naifanyia kazi dakani penye kivuli. Sijawahi kuilaza juu ya godoro, najua hewa huingilia chini na kutokea ubavuni. Matundu nayasafisha kwa brashi kila Ijumaa. Fundi wa hapa Langoni aliisikiliza tu, akasema feni inakwama, na ile dawa inayopakwa kati ya prosesa, ubongo wa mashine, na bati la kupozea huenda haikupakwa sawasawa. Alitaka kuifungua, nikamzuia kwa sababu ya stika yenu ya dhamana, isivunjwe. Mimi ndiye niliyeiheshimu stika yenu.

(Imezimika hapa. Naendelea baada ya swala ya adhuhuri.)

Nilisahau: feni ilianza kukoroma wiki ya pili. Januari mlikaa na mashine siku tisa. Mkanirudishia imefutwa kila kitu, pamoja na kazi za wanafunzi wawili waliokwisha kunilipa, na feni ni ile ile. Hebu nielezeni, kufuta mafaili kunapozaje feni?

Narudi kwa Jumatatu, maana nalala nayo. Nilikuwa na mwanangu wa darasa la sita. Hapo juu sikumtaja kwa sababu ndipo panaponiuma. Fundi wenu hakuiwasha ile mashine. Hakuigusa hata mgongo ajue inavyochoma. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitikisa kama anayekung'uta makombo, akawatazama wenzake kwanza wasije wakapitwa, ndipo akalitoa neno lake la punda. Mwanangu alinivuta buibui akaniuliza, "Mama, kwani tumeiharibu sisi?" Sikuwa na jibu mbele za watu. Ule mchanga ulikuwa wa mkoba wangu, gatini upepo ulikuwa ukivuma. Na punda, mwambieni kijana wenu, ndiye aliyebeba mawe ya nyumba hizi zetu, wala hazimiki njiani.

Nilipokaa kuandika nilitaka feni mpya tu. Feni sitaki tena. Nilifikiri niombe mashine nyingine, lakini nyingine itatoka kaunta ile ile. Nataka pesa zangu zote kama zilivyo kwenye risiti, nauli za safari zote mbili, na fidia ya kazi mlizozifuta. Na kijana wenu anipigie simu aniombe radhi, mwanangu akisikiliza.

Nawapa siku 14. Zikipita, ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na ipo mahakama ya madai madogo, inayosikiliza madai hadi shilingi milioni moja na haimlazimishi mtu kuleta wakili. Nitakwenda mwenyewe, na sinia langu, na vifuniko vyangu viwili, niiwashe mbele ya hakimu aiguse.

Nimeisoma barua tangu juu, na pale pa mwanangu pamenipanda tena. Siku 14 ni nyingi. Ziwe saba.

Wenu,
Mteja wa Langoni, Lamu