Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: makaburi ya Tongoni yanadai chokaa

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Matengenezo ya magofu ya Tongoni, Tanga

Nakusalimu kutoka Kata ya Tongoni, kilomita 17 hivi kusini mwa Tanga mjini, kwenye barabara iendayo Pangani. Nimechagua kukuandikia hadharani kwa kuwa ombi langu ni la watu wengi, na ningependa wenzangu walisome kabla halijaingia kwenye faili.

Nianze na jina. Tongo ni mahame, mahali palipokaliwa na watu kisha wakapaacha. Tongoni basi ni kwenye mahame. Mji wenyewe ulipokuwa hai uliitwa Mtang'ata, na jina hilo halijafa, maana lahaja ya Kiswahili ya pwani hii hadi sasa inaitwa Kimtang'ata. Bibi yangu aliisema mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Tongoni ni mawe matupu ya watu wasiojulikana, namjibu kwamba maneno yao tunayo mdomoni.

Ukisimama ufukweni maji yakiwa yamekupwa, utaelewa kwa nini watu walijenga hapa. Mbele yako kuna mafungu ya miamba na mchanga yanayovunja wimbi kabla halijafika pwani, na mikoko inayotuliza kilichobaki. Nyuma, hewa ikiwa safi, unaiona milima ya Usambara imejipanga upande wa magharibi. Mwenye dau anayeyajua mafungu anaingia bila shida. Asiyeyajua yanamkamata.

Yalimkamata Vasco da Gama. Mwezi wa Aprili 1498, siku moja kabla ya kufika Mombasa, chombo chake kimoja, São Rafael, kilipanda fungu mbele ya pwani hii kikakaa juu mpaka maji yalipojaa. Watu wetu waliwaendea kwa vyombo viwili, kimoja kimejaa machungwa. Mreno aliyeandika habari za safari ile alikiri kwamba machungwa yale yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Mheshimiwa, leo ukimuuliza Mtanzania yeyote machungwa yanatoka wapi, atakujibu Muheza, na Muheza ni hapo nyuma yetu tu. Miaka zaidi ya 500 imepita na bado ardhi hii inatoa tunda lile lile. Wakati wa kurudi kutoka Bara Hindi, Januari 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Wakahamisha mizigo, wakaichoma moto São Rafael pale pale kwenye mafungu. Watu wa Mtang'ata wakawaletea kuku, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili.

Nimeikawilia habari hiyo kwa sababu hutajwa kinyumenyume. Wageni huambiwa kwamba Vasco da Gama alifika Tongoni, basi. Ningependa waambiwe kwamba palikuwa na mji wenye mashamba ya machungwa, wenye kuku wa kuuza, wenye msikiti wa mawe na makaburi ya fahari, na kwamba watu wenye njaa na kiseyeye wakasita mbele yake.

Sasa makaburi. Ni kama 40, karibu na magofu ya msikiti ambao kibla chake ungali unakitambua. Mengi yalijengwa kwa nguzo ndefu kichwani, na wanaoijua kazi hii wanasema hakuna mahali pengine kwenye mwambao wa Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi kama hapa. Nguzo nyingi zimeanguka. Baadhi zilikuwa na vishimo vya duara vilivyotiwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Mabakuli hayapo, vishimo vipo, na ukiingiza kidole ndani unaugusa ule mduara uliolainishwa na fundi ili chombo kikae sawasawa. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita mwaka 1857 alikuta mji umeshakuwa magofu.

Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Nikiwa mdogo nilimwona akipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati ameacha tundu la kuwashia, kisha juu anamwaga mawe ya matumbawe mpaka tanuri linafanana na kichuguu kipana. Moto uliwaka usiku kucha. Asubuhi mawe yalikuwa meupe na mepesi, nasi watoto tulikatazwa kusogea wakati anayamwagia maji, kwa sababu yalikuwa yakifoka na kutoa mvuke wa kuunguza. Halafu chokaa ilifunikwa, ikaachwa ilale kwa majuma kadhaa. Babu alikuwa akisema chokaa changa haishiki. Ndipo ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu, ikajengewa. Tongoni ilijengwa kwa ufundi huo, sawa na Kilwa na miji mingine yote ya mawe ya mwambao.

Nyumba ya babu nayo ilijengwa hivyo. Baada ya yeye kufariki, ukuta mmoja ulianza kumomonyoka upande wa bahari, sisi wajukuu tukachanga tukanunua mifuko ya saruji. Tulipiga lipu nzuri, laini, tukajivuna. Mvua ya masika ya pili ukuta ule ulianza kutoa vumbi jeupe chini ya lipu, ukavimba, kisha kipande kikubwa kikadondoka pamoja na mawe yake. Fundi mzee aliyekuja kuutazama alitueleza kwa maneno machache. Jiwe la matumbawe linanyonya unyevu na chumvi. Chokaa inaruhusu unyevu utoke, saruji inauziba. Chumvi ikikosa pa kutokea, inagandia ndani ya jiwe na kulipasua. Ukuta uliokaa miaka yote ya maisha ya babu tuliuua wenyewe kwa misimu miwili, na kwa nia njema.

Ndiyo maana nakuandikia sasa. Lami ya kutoka Tanga kwenda Pangani, kilomita 50, sehemu ya ile barabara ndefu ya kupitia Saadani hadi Bagamoyo, itatuletea wageni. Tunaifurahia. Lakini penye wageni huja haraka ya kupapendezesha mahali, na mimi nikiuona mfuko wa saruji umetua Tongoni moyo wangu hautatulia.

Naomba, Mheshimiwa, kazi yoyote ya kukarabati makaburi na msikiti ifanyike kwa chokaa iliyolala, na ifanyike kwa mikono ya vijana wa kata hii chini ya mafundi na wataalamu wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inatukataza kugusa jiwe bila idhini ya serikali, nasi hatutaki kuligusa bila idhini. Tunachotaka ni idhini iliyoambatana na mafunzo. Kilwa Kisiwani iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 ikatolewa. Ukarabati uliofanyika katika miaka hiyo ulishirikisha wanakijiji. Kama iliwezekana kule, ambako lazima uvuke maji, hapa kando ya barabara haishindikani.

Najua swali litakalokuja, kwa sababu nimejiuliza mwenyewe. Chokaa ya babu ilitoka kwenye matumbawe na magogo, na bahari yetu tangu 2009 imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale. Siombi turudi kuvunja miamba, wala kukata mikoko. Miamba ile ndiyo inayolaza samaki wetu, na mikoko ndiyo inayozuia bahari isiyale hayo makaburi. Lakini Tanga ina mawe ya chokaa tele ardhini. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayo, na kiwanda cha saruji kilijengwa kwetu kwa sababu hiyo hiyo. Jiwe lipo bila kumgusa samaki. Kinachoadimika ni mtu anayejua kulichoma, kulizima na kulisubiri, na wanaojua hapa kwetu wamebaki wazee wachache ambao magoti yanawasumbua. Mafunzo yakianza mwaka huu watakuwepo wa kufundisha.

Ombi la pili ni dogo. Penye kibao cha historia liandikwe jina la Mtang'ata, kwa Kiswahili, kwanza kabisa. Watoto wa shule za msingi za kata waletwe kuyaona makaburi hayo kabla hawajayasoma kwenye mtihani.

Ukipata nafasi ya kuja, Mheshimiwa, njoo kipindi cha kaskazi, siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali kuliko kawaida, asubuhi yakiwa yametoka. Utayaona mafungu kama yale yaliyoishika São Rafael yakiwa wazi, na akina mama wakiokota pweza juu yake. Kutoka ufukweni hadi makaburini ni mwendo mfupi kwa miguu. Nitakuonyesha vishimo vya mabakuli, kisha nitakupeleka nyumbani uuone ule ukuta wetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu wa mchoma chokaa
Tongoni, Tanga