Barua kwa mwanangu: michoro yako isikae mahali pamoja

Kihesa, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama yako na wadogo zako wanakusalimu, na bibi yako anaendelea vizuri, isipokuwa baridi ya mwezi huu imemfanya asitoke nje mpaka jua liwe limeshika. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu huwa unaniitikia "sawa baba" upesi mno, nami nabaki sijui kama neno limeingia.

Jambo lenyewe ni lile ulilomwandikia mama yako, kwamba kishikwambi kilizima ghafla ukiwa katikati ya kuchora, kikakaa giza mchana kutwa, kisha jioni kikawaka, ukamshukuru Mungu kwa kuwa kazi zako zote tangu uanze kuchora kidijiti zimo ndani yake. Mama yako alishukuru pamoja nawe. Mimi pia nilishukuru, lakini usingizi ulinipaa, kwa kuwa nimeelewa sasa kwamba hakuna mchoro wako hata mmoja ulio mahali pengine. Leo kimewaka. Siku kisipowaka utachukua wapi?

Ule mchoro wa bibi akisuka kikapu ulionitumia nimeutazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya wadogo zako. Umeona jinsi kidole gumba chake kinavyokandamiza mlulu, yale majani ya kusukia, ili mzunguko usifumuke, na ukucha ulivyobonyea kidogo upande mmoja, jambo ambalo watu wanaokaa naye kila siku hawajaliona. Mstari wa nje wa mkono umeanza mwembamba kwenye kifundo, ukanenepa kiganjani, ukaisha mwembamba tena, na hapo nilijua kwamba kalamu uliyonayo inapokea mgandamizo wa mkono kweli. Kalamu zile zenye kichwa cha mpira zinazouzwa madukani kwa bei ndogo haziwezi kufanya hivyo, maana kishikwambi huzichukulia kama kidole tu. Mstari wake ukiwa mnene au mwembamba, mara nyingi ni programu inayokisia. Ndiyo sababu sikukubali utumie kishikwambi kile ambacho mama yako alipewa shuleni baada ya vile vya Sensa ya 2022 kugawiwa walimu. Kile ni cha kazi ya shule na kalamu ya namna hii hakina. Nadhani sasa unaona kwamba sikuwa na roho mbaya.

Lakini mchoro huo ulinifikia ukiwa na ukungu ukungu, na kwa mbali nilidhani macho yangu ndiyo yenye kosa. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha hubanwa ili iwe nyepesi, na kinachopotea ni vile vistari vyembamba ulivyohangaika navyo. Ukituma kama dokumenti inafika ilivyo. Kwa hiyo usije ukanijibu kwamba nakala ipo kwenye simu ya baba. Iliyopo kwangu ni kivuli chake, haina leya, yaani zile tabaka unazochora moja juu ya nyingine, wala huwezi kuichapa kwa ukubwa wa maana.

Unajua kazi niliyofanya. Ramani ya kiwanja haikuhesabika kuwa imekwisha kwa sababu tu wino umekauka. Ilikwisha pale nakala yake ilipoingia kwenye jalada lingine, katika chumba kingine, chini ya ufunguo wa mtu mwingine. Hatukufanya hivyo kwa sababu tulikuwa waoga. Moto, mchwa, maji ya paa na mikono ya watu havibishi hodi. Madaftari yako ya sekondari unajua yalikoishia, na mama yako hunikumbusha kila masika, kwa hiyo hilo tuliache.

Nakuomba ufanye hivi, nami nitalirudia mpaka ulichoke. Kila mchoro unaoumaliza, na kila mchoro mkubwa ambao haujaisha lakini umeutolea jasho, utoe nje ya programu ukiwa katika muundo unaohifadhi leya, yaani PSD. Hiyo ibisPaint unayoitumia inaweza kuutoa hivyo, na Krita, ambayo ni ya bure, itaufungua kwenye kompyuta ya chuo hata kishikwambi kikiwa kimekufa. Utoe pia PNG kwa ajili ya kuwaonyesha watu. JPEG hutupa sehemu ya picha kila inapohifadhiwa upya, na mandharinyuma yaliyo wazi huyajaza rangi, basi usiifanye kuwa ndiyo nakala yako ya kudumu. Na usiwe na haraka ya kuifuta programu ukitafuta nafasi, maana programu nyingi za Android huweka kazi ndani ya eneo lake lenyewe, na ikifutwa huondoka na vyote vilivyomo. Rafiki yako mmoja anaweza kukushauri uiondoe na kuiweka upya kwa sababu inakwama. Mwambie asubiri utoe kazi zako kwanza.

PSD hizo ziweke kwenye flashi, tena uziweke Google Drive, ambako akaunti ya bure ina nafasi ya gigabaiti 15 mnayogawana na barua pepe zako na picha zako. Usidanganyike na folda inayojilinganisha yenyewe na kifaa chako, kwa sababu ukikosea ukafuta upande mmoja, upande wa pili nao unafuta. Nakala ninayoisema ni ile ambayo ukiharibu ya kwanza, yenyewe haina habari.

Sasa niseme na kuhusu mkono, kwa kuwa ulimuuliza mama yako nionavyo, ingawa ungeniuliza mwenyewe nisingekula mtu. Mistari yako mirefu inatetemeka, halafu kipimo cha kuinyoosha umekipandisha mno ili kuficha hilo. Ninajua kwa sababu kona zote za kikapu zimelainika kama sabuni iliyotumika, wakati mlulu una vikona vikali pale unapokunjwa. Kishushe. Kioo kinateleza kuliko karatasi na kila anayeanza hutetemeka, ila dawa yake ni kuuchukua mstari mrefu kutoka begani, kiwiko kikiwa huru, na kuuvuta mara moja. Jaza ukurasa mzima mistari na duara kabla hujaanza kazi yenyewe, kila siku, hata kama unaona ni jambo la watoto wa chekechea. Ile karatasi ya plastiki isiyong'aa inayobandikwa juu ya kioo husaidia kalamu isiteleze, ingawa hula ncha ya kalamu upesi zaidi.

Halafu acha kukuza picha mpaka unaona ukucha peke yake. Ukiwa umezama hivyo unachora ukucha mzuri kwenye mkono ambao si wa saizi yake, na mkono wa kushoto wa bibi ni mkubwa kuliko wa kulia bila sababu yoyote. Chora ukiona karatasi nzima, ukuze mwishoni. Na kile kitufe cha kurudi nyuma kinakunyima subira. Nimekuona likizoni ukiuvuta mstari mmoja na kuufuta mara kwa mara, wakati wa kwanza haukuwa na ubaya wowote.

Kuhusu leya sina la kukufundisha zaidi ya yale tuliyofanya kwa karatasi za kupitisha mwanga, moja ya mipaka, moja ya barabara, moja ya mito, zikipangwa juu ya meza. Wewe umetumia leya nyingi mno kwenye mchoro mmoja na hakuna hata moja uliyoipa jina. Rasimu chini, mstari juu yake, rangi bapa katikati, kivuli peke yake, vinatosha kwa anayeanza. Tena ukumbuke kwamba turubai, yaani ukurasa unaochorea, likiwa kubwa, kumbukumbu ya kifaa inaruhusu leya chache zaidi, na pengine huko ndiko kuzima kulikotokea, kifaa kimebebeshwa mzigo kisichouweza. Siwezi kuapa, lakini ningelikuwa wewe ningeanza kutazama hapo.

Ukubwa nao uuamue mwanzo. Kama kazi itachapwa kwenye karatasi ya A4, anza na pikseli 2480 kwa 3508, ambazo ni nukta 300 kwa kila inchi. Mchoro wenye upana wa pikseli 1,000 ukichapwa kwa kipimo hicho unatoka na upana usiofika sentimita 9, na ukiulazimisha ukue unapasuka vipande. Ile kalenda uliyoombwa na watu wa Mwanjelwa, hapo Mbeya, wataitaka kubwa, na wanaweza kurudi baada ya mwezi wakitaka gauni libadilishwe rangi. Faili lenye leya likiwa limepotea, utachora upya bure, au utarudisha fedha ya watu. Waambie pia mapema kwamba kijani kile kikali kinachong'aa kwenye kioo hakitatoka hivyo kwenye wino, ili wasije wakadhani umewadanganya.

Sikufurahishwa na habari kwamba tayari unawaza kubadilisha kifaa upate iPad kwa sababu wenzako wanatumia Procreate. Programu hiyo ni nzuri, sikatai, na inalipiwa mara moja tu, lakini haipo kwenye vifaa vya Android kama chako, na kalamu uliyonayo haitafanya kazi huko. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, kutoka Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba, na jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe. Brashi ulizonazo humo hujazijua hata nusu. Chagua moja ngumu ya mstari na moja laini ya kivuli, uzifanyie kazi mpaka ufike mwisho wa muhula, ndipo tuzungumze. Fedha ya kuongeza haipo kwa sasa, na hata ingekuwepo, nisingeitoa kwa mtu ambaye michoro yake yote imekaa ndani ya kifaa kimoja.

Unisamehe kama naonekana nakusema sana. Watu wanaoweza kumtazama bibi yako na kumchora akiwa yeye, si bibi wa vitabuni, hawako wengi, na mimi nataka hizo kazi ziwepo.

Huku mahindi tumevuna lakini si kama mwaka jana, na sehemu tumeshakoboa. Bati za jiko la nje nimezipata, bado misumari na fundi, ambaye kila nikimpigia yuko Ilula. Ng'ombe amepungua maziwa kwa sababu ya majani kukauka, kwa hiyo mama yako haniruhusu tena kuweka maziwa kwenye chai ya saa kumi. Mdogo wako ameanza kuchora ukutani kwa mkaa akidai anafuata nyayo zako, na nimeshindwa kumchapa, nimempa ramani za zamani achore upande wa nyuma.

Shangazi yako anasafiri Ijumaa kuja Mbeya kwenye msiba wa jirani yake wa Uyole. Amebeba unga wako, maharage na blanketi zito, maana nimesikia baridi ya mlima Loleza huko haina mchezo. Ndani ya blanketi kuna flashi mbili mpya. Mpokee stendi ya Nane Nane, usimwache asubiri, miguu inamsumbua. Flashi moja ibaki kwako, ila usiiweke kwenye mkoba uleule wa kishikwambi, maana mwizi atavibeba vyote kwa mkupuo mmoja. Ya pili ijaze michoro yote, pamoja na ile unayoiona mibaya, umrudishie shangazi kabla hajaondoka Jumanne, naye ataniletea mkononi. Nimeshaitengea nafasi kabatini, kwenye bahasha ile yenye hati ya kiwanja.

Ni mimi baba yako.