Malale: ng'ombe wapatiwe dawa kabla ya kupanda lori

Mhariri,

Tangu Shirika la Afya Duniani lithibitishe mwaka 2022 kwamba malale ya gambiense si tena tatizo la afya ya umma Uganda, nasikia watu mnadani wakisema ugonjwa umekwisha. Wanachanganya mambo. Nchi yetu ina vimelea vya aina mbili: gambiense ya West Nile, kaskazini-magharibi, na rhodesiense ya Busoga, kusini-mashariki, na huku kwetu Soroti.

Tofauti iko kwenye jeni. Gambiense huongezeka kwa kujigawa tu, hivyo vizazi vyake hufanana mno, na makao yake makuu ni binadamu. Rhodesiense ni habari nyingine. Kijenetiki inakaribiana sana na aina mojawapo ya vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo, ila ina jeni iitwayo SRA, inayoiwezesha kuhimili damu ya binadamu ambayo huwaua ndugu zake. Tena, ndani ya mbung'o, nzi wanaoeneza malale kwa kuuma ng'ombe na watu, vimelea hivi huweza kubadilishana jeni. Ng'ombe aliyebeba rhodesiense anaweza kuonekana mzima kabisa, akanunuliwa kwa bei nzuri. Ndivyo malale ilivyofika Soroti mwaka 1998: pamoja na ng'ombe waliotoka maeneo yenye ugonjwa.

Kupima watu peke yake, basi, hakutoshi. Ng'ombe wadungwe sindano ya dawa kabla ya kupakiwa, na serikali ichangie gharama. Wachuuzi wenzangu watanilaumu kwa kuchelewesha malori, najua.

Mchuuzi wa ng'ombe,
Soroti