Usalama wa mitelezo ya maji uanzie kwenye michoro

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe hoja kuhusu mitelezo ya maji katika bustani za michezo. Mwaka 2016, mjini Kansas City nchini Marekani, mtoto wa miaka 10 alifariki baada ya boti la mpira alilopanda kuruka juu kwenye mtelezo wenye kimo cha takriban mita 51, akagonga chuma kilichoshikilia wavu. Yaani kinga yenyewe ndiyo iliyoua. Kosa la namna hiyo halizuiwi na mwokoaji mwenye filimbi. Mhandisi ndiye anayepaswa kukokotoa kasi, uzito wa abiria na kimo cha kingo katika kila kona kabla ya ujenzi kuanza, na kuhakikisha kwamba sehemu ya mwisho ina urefu wa kutosha kupunguza mwendo. Hata maungio ya vipande si jambo dogo, kwani ukingo uliochomoza kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha tu unaweza kumchana mgongo anayeteleza kwa kasi. Ulaya ina kiwango rasmi cha usalama kwa mitelezo hii, kiitwacho EN 1069. Naziomba mamlaka zisiruhusu mtelezo wowote ambao haujakaguliwa na mtaalamu asiyelipwa mshahara na mwenye bustani.

Mzazi na msomaji wako